Akiki kutoka Woodbury

Jumamosi moja ya Mei 1996, Peris alinunua bruchi, pambo la kubana kifuani, kwenye nyumba moja ya Woodbury, huko ughaibuni, iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kila kilichokuwamo, hadi vijiko. Ilikuwa kazi ya Kiskoti ya karne ya kumi na tisa, vipande saba vya akiki, vya kijivu na vyekundu, vilivyozungushiwa fedha. Nyumbani alikuwa na nyingine kumi na moja kutoka Uingereza, zote zimetulia kwenye droo. Hii haikutulia. Kila alfajiri aliikuta mlangoni, juu ya zulia la kufutia miguu, pini ikiwa wazi. Akiirudisha, inatoka. Peris naye akakosa raha, mara aketi, mara asimame.

"Hiyo kitu inataka lift," mumewe, Gitonga, alimwambia huku akinywa chai. "Si u-drive nayo job?"

Jumatatu ya wiki ya pili akaenda nayo kwenye makao ya wazee alikofanya kazi, kule Hopkins, risiti mfukoni, maana alijua kitakachosemwa mhudumu kama yeye akikutwa na kito cha kizungu. Alipokuwa akimfunga vifungo Bi. Maud, mmoja wa wazee hao, aliyeletwa wiki mbili nyuma, bruchi ilitoka mfukoni, ikapanda sweta ya bibi na kujibandika kifuani. Bi. Maud aliinyoosha kidogo.

"Umetoka kwangu," alimwambia Peris. "Wamemaliza kupaka rangi?"

Hivyo ndivyo mwana wa bibi alivyowaagiza wahudumu wamwambie: nyumba inapakwa rangi, atarudi. Peris alikuwa amelisema hilo kila siku bila kujali. Sasa aliona aibu, na hasira pia. Akisema kweli, kazi hana. Akasema.

"Nyumba imeuzwa, Mama. Na vitu vyote."

"Wewe ulinunua nini?"

"Hiyo."

Bibi aliifungua, akamrudishia, akamwomba asimwambie yeyote kwamba yeye anajua. Kesho yake bruchi ilikuwa mlangoni kwa Peris tena. Tangu hapo Peris huibeba asubuhi ikakae kifuani kwa bibi, na jioni huirudisha.

Jumapili mwana wa bibi alikuja na maua. Aliiona bruchi, akageukia dirishani. Alisema rangi bado mbichi, labda mwezi ujao. Bi. Maud alimshukuru, akauliza chumba chake kimepakwa rangi gani.

Mwanawe alifikiri kidogo. "Samawati," alisema.

Bibi akasema ni rangi nzuri. Peris, aliyekuwa amemaliza kutandika kitanda, alilivuta shuka akaanza upya.