Waume Watatu wa Bibi Hawise

Peris Nanjala alikuwa amekwisha kubali kusimulia habari za Bibi Hawise kabla mumewe Lawrence hajafariki. Baada ya mazishi hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kukataa, naye hakuuliza.

Kanisa lenyewe liko Edmonton, kaskazini mwa London, la mawe, la zamani mno. Asubuhi husali Waingereza wachache. Alasiri huingia Wakenya na Watanzania na ibada yao ya Kiswahili. Kando ya madhabahu, upande wa kushoto, amelala Bibi Hawise: sanamu ya jiwe juu ya kaburi, viganja vimeunganishwa kifuani, pua imekatika. Miaka yote watu walikuwa wakirundika makoti karibu naye bila kujua ni nani. Mwaka huu kasisi akataka ajulikane, akampa Peris makaratasi ya historia ayasome, kisha awaeleze wenzake.

Lawrence alianguka bafuni mwezi wa tano. Walimsafirisha hadi kwao Webuye, Kenya, wakamzika, Peris akarudi London na binti yao Natasha, akaendelea na shifti zake katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakulia. Watu wakamsifu kwamba amejikaza, lakini hakuwa amejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Chakula alikula. Usingizi alipata. Siku moja duka la dawa lilituma ujumbe kwamba vidonge vya presha vya Lawrence viko tayari, naye akaenda kuvichukua, akasema asante, akaviweka kabatini pamoja na vingine.

Jumapili ya kusimulia ilipofika alisimama kando ya kaburi, makaratasi mkononi.

"Huyu mama aliolewa mara tatu," alianza. "Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Baba yake alimpa mzee ambaye ardhi yake ilipakana na yao. Mzee akafa."

Watu wakacheka kwa jinsi alivyomfisha mzee haraka. Peris alingoja wamalize.

"Zamani hizo mjane mwenye mashamba alikuwa mkononi mwa mfalme. Mfalme akamwoza kwa askari wake mmoja aliyempigania vizuri, kama zawadi. Huyo alizaa naye watoto, akaenda vitani Ufaransa, hakurudi. Hata matanga hayajaisha, jirani akaja na watu wenye panga. Wakampandisha farasi, wakampeleka kwa jirani huyo, wakamfungisha ndoa."

Katikati ya waumini alikuwa ameketi Bonface, kaka yake marehemu Lawrence, mlinzi wa uwanja wa mpira kule Wembley. Hakuwa mtu wa kusali Edmonton. Peris alijua kilichomleta, maana mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Webuye kusema wazee wa ukoo wamekaa kikao juu yake.

Haikuwa mara ya kwanza wazee kukaa kwa ajili yake. Kabla ya Lawrence aliwahi kuolewa Bungoma na mwalimu aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Wakati ule, ukoo ulipoamua arithiwe na shemeji, Peris alitoroka na nguo alizovaa, akajificha kwa shangazi yake Nairobi, na kutoka huko akatafuta njia ya kuja Uingereza. Alikuwa msichana mwenye hasira nyingi. Sasa aliitafuta ile hasira, asiione.

"Mume wa tatu naye alipokufa," akaendelea, "Bibi Hawise alikwenda mwenyewe kwa askofu. Akapiga magoti, akavishwa pete na shela, akaapa mbele ya watu kwamba haolewi tena. Hakwenda kuwa mtawa. Alirudi nyumbani kwake. Tangu hapo hata mfalme hakuweza kumgusa."

Mama Marcelina, Mtanzania mmoja mtu mzima, akainua mkono. "Na kati ya hao watatu, mwanangu, alimpenda yupi?"

"Makaratasi hayasemi, mama."

"Hata kidogo?"

"Yanasema mashamba yalikwenda kwa nani."

Kisha akabaki amesimama. Alikuwa akijaribu kuikumbuka sauti ya Lawrence, akapata tu alivyokuwa akikohoa asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Akangoja kuumia. Hakuumia. Mwishowe Natasha alimjia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hadithi imekwisha, aketi.

Wakati wa chai Bonface alimfuata, kikombe mkononi.

"Pole, shemeji. Umesimulia vizuri."

"Asante. Sema ulilotumwa."

Bonface akatazama chini. "Wazee wanasema nyumba isikae bila mwanamume. Wanaonelea nihamie kwako. Mke wangu huko nyumbani amekwisha elezwa."

"Amesemaje?"

"Hakusema kitu."

"Na wewe, shemeji, unataka?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Nimekuuliza kama unataka."

Bonface aligeuza kikombe, akakigeuza tena. "Kila nikiingia kwenu naona viatu vya ndugu yangu mlangoni," alisema. "Siwezi, Peris."

"Basi waambie nimekataa."

"Watauliza sababu."

"Sababu ni kwamba nimekataa. Usiwaambie wewe umekataa, watakusumbua. Lawama niwekee mimi."

Aliyasema bila kupandisha sauti, kama anayeagiza mkate. Bonface aliitikia kwa kichwa, macho yamemlowa, akatoka nje bila koti lake. Natasha alimkimbilia nalo hadi kituo cha basi.

Katikati ya juma mama mkwe alipiga simu. Alilia, akalaumu, akamwita Peris mtu aliyeharibiwa na Ulaya, kisha akalia tena kwa ajili ya mwanawe. Peris aliiweka simu sikioni mpaka mwisho. "Ndiyo, mama," alisema. "Nakusikia, mama." Mama mkwe alipochoka alimuuliza kama Natasha anakula, akajibiwa kwamba anakula, wakaagana. Habari za kurithiwa hazikuguswa tena na mtu yeyote.

Kesho yake kazini alimwogesha bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mgeni pale. Bibi alikuwa muoga wa maji, akaongea ili kujiliwaza.

"Umeolewa, binti?"

"Hapana," Peris alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kulijibu swali hilo hivyo. Akatumbukiza kiwiko majini, akaona yamepoa, akafungulia ya moto.