Kiti Kisicho na Besi

Siku mjomba alipompigia simu mpwa wake fundi aje amfungie sabufa mbili, zile spika kubwa za besi, fundi alikubali haraka mno. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Miaka miwili mwanamke yule hajakanyaga kwa mjomba wake, leo anasema "nakuja, mjomba, nakuja" kwa sauti ya asali! Lakini mjomba hakushtuka. Alizoea watu kumjia.

Mtaa mzima ulimwita Sikio. Redio ikinunuliwa, spika ikitengenezwa, analetewa asikilize. Anafumba macho, anatoa hukumu, na hukumu yake haina rufaa. Fundi alipofungua karakana yake mwenyewe, akawaalika watu wasikilize spika ndogo za kukaa kwenye rafu alizoziunda kwa mikono yake, mwaka mzima akichonga mbao na kupima, Sikio alikaa mbele. Akasikiliza wimbo mmoja, akasema, "Kopo. Hii sauti ya kopo. Mpwa wangu, rudi ukatengeneze pasi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile hakuna aliyemletea kazi. Karakana ikafungwa, na kweli akaishia kutengeneza pasi kwenye duka la mtu. Jamani, neno lile lilimkwama kooni, halimezeki halitemeki.

Sasa Sikio naye alikuwa na spika ndogo kwenye rafu, tamu lakini besi yake haba, na majirani walishaalikwa Jumapili alasiri waje wasikie sabufa zinavyojaza pengo. Fundi akafika asubuhi ile na bisibisi zake. Sabufa moja akaiweka mbele, chini ya rafu. Ya pili akaiweka nyuma ya kile kiti kikubwa cha mjomba, katikati ya sebule, ambacho hata mkewe hathubutu kukikalia.

Kisha akaanza kutambaa. Wafungaji wa sabufa hutambaa, msishangae. Besi haikai sawa chumbani: hapa inajaa, hatua mbili mbele inakauka. Kwa hiyo unaweka wimbo, unapita kwa magoti ukitafuta inapojaa. Fundi yeye alitafuta inapokauka.

"Umepoteza hereni?" mke wa mjomba akauliza mlangoni.

"Natafuta besi, anti."

Akageuza swichi ndogo mgongoni mwa sabufa ya nyuma, ile inayoifanya ivute wakati ya mbele inasukuma. Akaisogeza kidogo, akakaa kwenye kiti, akasikiliza. Zilikuwa zinauana palepale! Vioo vya dirisha vinatetemeka, sakafu ya mlangoni inanguruma, lakini kitini besi imekufa kabisa.

Roho ikamsuuzika. Aliuona mchezo wote mbele yake. Sikio ataketi, ataruka, "Mbona hakuna besi?" Na majirani, ambao matumbo yanawatikisika kwa hiyo besi, watamtazama hivi. Kumbe Sikio limeziba! Watacheka mwezi mzima. Na achekwe yeye sasa, zamu yake.

Alasiri sebule ikajaa mpaka mlangoni. Wimbo ukaanza. Mjomba akaketi, akafumba macho, na fundi akasubiri ukutani.

"Naam!" mjomba akasema. "Hiyo ndiyo besi! Nene, imetulia, inanigonga hapa kifuani. Mpwa wangu, leo umefanya kazi."

 Fundi akadhani amekosea swichi. Jirani mmoja, mwalimu wa kwaya, akasema, "Sikio, hebu na sisi tuonje hicho kiti." Akaketi. Akakunja uso, akainuka, akaketi tena. "Hapa hakuna besi. Hata tone! Nikisimama pale ipo, nikikaa hapa haipo." Mwingine akajaribu, na mwingine tena. Wakaanza kutazamana.

Fundi akamgeukia mke wa mjomba. Anti akainamisha kichwa. "Mwaka wa tatu huu namwambia akapimwe masikio," akasema. "Hataki."

Mwaka wa tatu! Damu ikamchemka fundi. Kumbe siku ile ya kopo, miaka miwili nyuma, mzee huyu alikuwa hasikii! Alikaa mbele za watu na masikio yake yaliyoziba, akaiua karakana ya mtoto wa dada yake ili tu asionekane hana la kusema. Hasira aliyokuja nayo asubuhi ilikuwa ya kitoto mbele ya hii.

Akazima muziki. Akamsogelea mjomba mpaka karibu kabisa, maana sasa alijua. "Mjomba, spika zangu, siku ile, ulizisikiaje?"

Mjomba akatazama sakafu. "Nilisikia mvumo tu," akanong'ona. "Nikaogopa wataniuliza. Kopo ndilo neno lililonijia. Nisamehe, mwanangu. Haya tutayamaliza wenyewe, kifamilia."

"Uliniumbua mbele za watu. Simama uwaambie watu."

Mkewe hakumtetea. Majirani hakuna aliyeaga. Mjomba akashika mikono ya kiti, akajiinua taratibu, akasema kwa sauti ndogo kwamba spika za mpwa wake hakuwahi kuzisikia.

"Rudia, mjomba," fundi akasema. "Wa mlangoni hawajakupata."