Mwenye Mbwa Amerudi

Jumamosi ile msusi alikuwa amechuchumaa ndani ya banda la paka, ufagio mkononi na kitambaa kimemfunika pua, aliposikia mtu anagonga geti kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomshtua. Wengi wanaofika pale hawagongi. Huacha boksi la watoto wa paka nje ya ukuta na kutimua mbio, kisha wakikutana nawe sokoni wanakuamkia vizuri kabisa.

Aliyegonga alikuwa dereva wa malori, mtu mzima, shati limekunjamana kwa safari na macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Hakuingia hata alipokaribishwa. Alinyoosha simu yake mbele, na kwenye kioo akaonekana mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, amekaa kwenye kiti cha abiria cha lori na mkanda amefungwa.

"Samahani, dada. Nimeambiwa ninyi ndio mnaookota wanyama waliopotea. Huyu ni wangu, anaitwa Breki. Hamjamwona?"

Msusi alimtambua mbwa mara moja. Angekosaje kumtambua, ilhali mara ya mwisho alipopita kwa mama yake mzazi alimkuta amelala miguuni pake, anakoroma kama baba mwenye nyumba?

"Wanaopita hapa ni wengi," akajibu. "Njoo kesho asubuhi, mwenyekiti atakuwepo."

Dereva akaeleza bila kuulizwa, kama wafanyavyo watu wenye hofu. Akipata safari ya kuvuka mpaka, mahali mbwa haruhusiwi, humwacha kwa mlinzi wa yadi ya malori pamoja na pesa ya chakula. Safari hii mzigo ulikwama mpakani zaidi ya mwezi. Huku nyuma mlinzi akafukuzwa kazi, akaja mwingine asiyemjua mbwa wala mwenye mbwa, akamtoa kwa mawe.

"Kesho mchana napakia tena," alisema. "Nikiondoka bila yeye, sijui." Hakumaliza. Aliacha namba yake ya simu, akashukuru kwa wema ambao hajafanyiwa, akaenda zake.

Nyundo iliyokuwa ikilia nyuma ya mabanda ilikuwa imenyamaza. Seremala, aliyepigilia kila ubao wa mahali pale bila malipo na kwa manung'uniko mengi, alichungulia na misumari mdomoni. Akaitema kiganjani.

"Yule si mbwa wa mama yenu?"

"Ndiye."

"Basi kazi mnayo. Mimi sitamfuata mtu kumwambia. Ila kesho nitakuwepo hapa, na akiniuliza, nitajibu."

Sasa huyo mwenyekiti alikuwa dada yake msusi, mkubwa wake kwa kuzaliwa na kwa kila kitu kingine. Wenzake katika kundi lao la kuokoa wanyama walimwita Kamanda, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, mwisho kwa hofu. Alikuwa mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha, anaitisha kikao. Lakini tusimwonee. Kundi lile lilizaliwa jikoni kwake, na bila yeye mbwa na paka wengi wa mitaa ile wangekuwa wamefia mitaroni. Aliweza kumwamsha daktari wa mifugo usingizini, na daktari akaishia kumshukuru.

Ndiye aliyeweka sheria ya wiki mbili. Mnyama aliyeokotwa hapewi mtu mpaka wiki mbili zipite na matangazo yenye picha yabandikwe mitaani, maana huenda ana mwenyewe. Kwa sheria hiyo alimfukuza mwalimu mmoja, mtu mwema asiye na makuu, aliyempa jirani yake paka kabla muda haujatimia. Mwalimu aliondoka akilia mbele ya kikao kizima, na Kamanda akaendelea na ajenda inayofuata.

Kisha akaokotwa mbwa huyu karibu na njia panda, mbavu nje nje. Na mama yao, tangu wamzike baba, alikuwa amejikabidhi kitandani. Hali mpaka abembelezwe, haogi mpaka aombwe, dirisha hataki lifunguliwe. Siku ya tatu Kamanda alimchukua mbwa, akampeleka kwa mama, na matangazo yakabaki kwenye droo. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini Kamanda alijinyoa, akajipaka na mafuta. Msusi alijua. Alijua na akanyamaza, kwa sababu haukupita muda mama akainuka, akavaa viatu, akawa anatoka kila asubuhi na kamba ya mbwa mkononi. Mbwa huyo mama alimwita Mgeni. Mabinti zake wakamshukuru Mungu, wakarudi kwenye shughuli zao.

Msusi aliacha banda nusu limefagiliwa, akaenda mbio kwenye duka la sare za shule la dada yake. Kamanda alikuwa anampima mtoto kiuno, na mama wa mtoto anataka punguzo. Msusi alisubiri bila kuweza kukaa. Alizikunja sweta zilizokwisha kunjwa, akazikunjua, akazikunja tena, mpaka wateja walipotoka.

"Dada, mwenye mbwa amerudi."

"Mbwa gani?"

"Dada."

Kamanda alivua utepe wa kupimia shingoni, akauzungusha vidoleni taratibu mpaka ukaisha. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. "Alikuwa wapi mbwa anateseka?"

"Alikwama mpakani. Na alimwacha kwa mtu, akampa na pesa. Atarudi kesho asubuhi, mchana anapakia tena."

"Wote huwa wamekwama mpakani." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mdogo wangu, nisikilize. Umesahau mama alivyokuwa? Ulikuwa unamlisha uji kwa kijiko, unatoka nje unalia. Leo anatembea. Unataka nikamnyang'anye kilichomwinua, arudi kulala atazame ukuta? Funika kombe mwanaharamu apite. Kesho mwambie hatukumwona. Mchana anapakia, na mambo yamekwisha."

"Nimwambie mimi? Si wewe ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo maana. Nikisema mimi halafu ikajulikana, kundi limekufa. Yule mwalimu yuko mjini humu humu na mdomo anao."

Msusi alimtazama dada yake, akaona kitu ambacho hajawahi kukiona usoni pale. Kamanda alikuwa anaogopa. Kama aliogopa kwa ajili ya mama au kwa ajili ya kiti, msusi hakuweza kujua, na pengine hata mwenyewe hakujua.

Mchana kutwa saluni hapakukalika. Alimsuka bibi harusi mtarajiwa mpaka nyusi zikapanda juu, akafumua, akaomba radhi, akaanza upya na kukosea njia. Aliwasha redio, akazima. Simu ikilia anaruka, na kumbe ni mteja anauliza bei. Alifunga mapema, akazunguka mtaa mzima bila kwenda popote, na kitandani alijigeuza huku na huku kama chapati, akitunga maneno ya kumwambia dereva, kisha ya kumwambia mama, kisha ya kumwambia seremala. Yote yalikuwa maneno mazuri, na hakuna hata neno moja lililokuwa kweli.

Alfajiri akapiga moyo konde. Angemwona mama kwanza.

Alikuta chumba kitupu. Kitanda kimetandikwa, dirisha liko wazi, bakuli la mbwa limeoshwa na kufunikwa. Alisimama katikati ya chumba akijiuliza wameelekea wapi wale wawili, ndipo akagundua kwamba hajui. Wiki zote hizo mama alikuwa anatoka kila asubuhi, na yeye bintiye hakuwahi kumuuliza anakwenda wapi. Ilibidi aulize kwa muuza vocha wa pembeni.

"Bibi na mbwa?" Muuza vocha alishangaa kwamba kuna mtu asiyejua. "Wako njia panda. Wanakaa pale mpaka jua liwe kali."

Akawakuta. Mama amekaa juu ya tairi kuukuu kando ya tuta, pale malori yanapopunguza mwendo kabla ya kushuka yadini. Mbwa alikuwa amesimama. Lori likija, anainua kichwa na kuukazia macho mlango wa dereva mpaka lipite, kisha anakohoa kidogo na kungoja lijalo.

"Shikamoo, mama. Kumbe ndiyo huku mnakokuja?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku. Yeye ndiye anayenileta, mimi nafuata kamba tu. Mwanzoni nilidhani anapenda kelele. Halafu nikamwangalia vizuri." Lori likapita, mbwa akatazama, akashusha kichwa. "Umeona? Huyu ana mtu wake, na anamngoja. Kwa nini unafikiri nilimwita Mgeni? Nikasema, basi, nimsindikize mwenzangu. Wangu harudi. Wake huenda akarudi."

Msusi akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili. Maneno yote aliyoyatunga usiku hayakuwa na kazi tena.

"Amerudi, mama. Alikuja jana kumuulizia. Na sisi tulipanga kumwambia hatujamwona."

Mama hakuuliza kwa nini. Alilishika lile sikio la mbwa lililolala, akalipapasa, akalipapasa tena. Malori mawili yalipita.

"Mpigie."

Msusi alipiga. Ndiyo kwanza amekata simu, Kamanda akatokea anahema, kanga imemshuka mabegani. Alikuwa amepitia nyumbani kwa mama na kukuta chumba kitupu, na ni wazi alikuja kumficha mbwa.

"Mama, inuka twende, jua litakuumiza."

"Kaa chini."

"Mama, kuna jambo hulijui—"

"Nalijua. Kaa."

Kamanda, ambaye hakuna mtu kikaoni aliyewahi kumwamuru kukaa, akakaa.

Dereva alikuja mbio kutoka yadini, akipita katikati ya magari bila kutazama. Mbwa alimwona kabla yao. Hakubweka. Mwili mzima ulimtetemeka, na mama akaiachia kamba kabla haijamvuta. Basi tena. Mtu mzima yule alipiga magoti kando ya barabara na kulia mbele ya watu, na mbwa anamzunguka, anapiga chafya, anamzunguka, hajui aanzie wapi kumlamba.

Alipoweza kusema, alimjia mama na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama yangu, sijui nikulipe nini."

"Hakuna deni. Ana kikohozi cha asubuhi, mpe maji ya vuguvugu. Na wali peke yake hali, usimlazimishe. Akiota ndoto usimwamshe, huisha yenyewe." Mama alifikiri kidogo kama kuna jingine. "Basi. Mengine unayajua wewe."

Kamanda alisimama, akajikung'uta vumbi. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kundi," akasema, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Matangazo yalipaswa kubandikwa wiki mbili. Sikubandika hata moja. Kosa ni langu, na leo nitawaambia wenzangu."

Dereva aliitikia tu, "Sawa, dada, sawa," macho yake yakiwa kwa mbwa. Hakuwa na nafasi moyoni ya kumkasirikia mtu. Kamanda alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kukosa matusi kulimchanganya zaidi.

Wakaondoka, mtu na mbwa wake, wakishuka kuelekea yadini. Mbwa hakugeuka nyuma hata mara moja, wala hakuna sababu ya kumlaumu. Mama aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya geti. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja bila kuyaficha.

"Mama, tutakutafutia mwingine," Kamanda akaanza. "Yupo mmoja mdogo, mpole sana, wiki mbili zake zinaisha—"

"Sitaki mwingine." Mama hakupandisha sauti. "Nilipolala kitandani, mlikuja kila siku. Mlinilisha, mlinifulia, sikatai. Nilipoinuka mkaacha kuja. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, mama siku hizi hatuna wasiwasi, una mbwa. Nikaona, ala, kumbe nililetewa wa kushika zamu yenu." Akajiweka sawa juu ya tairi. "Sasa mbwa sina. Kutembea nimeshakuzoea na sitaki kurudi kulala. Nani atanisindikiza?"

"Mimi, mama," akasema msusi.

"Na mimi," akasema Kamanda papo hapo. "Kesho duka nitachelewa kufungua. Kesho tunakuja wote."

"Kesho najua mtakuja. Kesho mna aibu," mama akasema. "Mimi nauliza mwezi ujao."

Ndugu wale wawili wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.