Mafuta ya Nywele kwenye Mnyororo

Watu husema msumeno wa mnyororo unakata kwa meno. Uongo mtupu. Meno bila mafuta ni kelele tu, na mtu asinifundishe, maana tangu nilipoachika nimekaa na tupa mkononi nikiwanolea wakata miti wa bonde letu. Mnyororo unazunguka ulimi wa chuma kwa kasi ambayo jicho haliifuati, chuma juu ya chuma, na kinachovizuia visilane ni utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukikauka, ulimi unaungua, mnyororo unalegea, na ndugu yako yuko chini ya mti.

Ndugu yangu ni Iwao, kaka yangu wa pekee. Ndiye aliyepewa kazi ya kuuangusha mwerezi wa hekalu.

Mwerezi huo ulikuwapo kabla ya hekalu lenyewe. Watu wakishikana mikono kuuzunguka, wa kwanza hamwoni wa mwisho. Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila mtu anajua, lakini nikipita chini yake ulimi ulikuwa unajifunga wenyewe, utotoni na hata ukubwani. Basi kimbunga cha vuli kiling'oa mizizi yake ya upande wa juu, mti ukainama kuelekea paa la hekalu. Ilibidi uvutwe kwa waya uanguke upande wa pili, kwenye shamba la mpunga. Ukienda kinyume, hekalu linakwisha na aliye kwenye shina anakwisha nalo.

Iwao alimwapia Bibi wa Mlima, mungu wa kike wa misitu yetu, kwamba mafuta yaliyochimbwa ardhini hayataugusa mti ule. Kwa hiyo tukaujaza msumeno mkubwa mafuta ya mbegu, haya haya ya kukaangia. Nikaelekeza ncha ya ulimi kwenye karatasi nyeupe, nikavuta moto wa injini, na mstari wa mafuta ukajichora vizuri kabisa, ishara kwamba yanafika kwenye mnyororo. Kuhani akauchukua msumeno, akauweka madhabahuni, akaufunga kamba takatifu mpaka mvua zipite. Mtu asiuguse, akasema, hasa mwanamke, kwa kuwa Bibi wa Mlima ana wivu.

Hapo ndipo tulipopotea, kijiji kizima. Mafuta ya mbegu hayajui kungoja. Yakikaa ndani ya mashine yanaganda yakawa gundi, na kila mkata miti wa kwetu huyamwaga jioni kabla ya kula. Lakini nani angefungua kamba ya mungu ili amwage mafuta? Heshima ilitufumba macho, wote tukainama mbele ya ile mashine huku inaziba.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu. Wanawake tulisimama nje ya kamba iliyozungushiwa mti. Iwao akamwaga pombe ya mchele kwenye mizizi, akainama mara mbili, akaanza na mdomo, lile pengo la upande ambao mti utaangukia. Maranda yakaruka manene na marefu, nikatulia. Kisha akahamia nyuma, akazama ndani, vijana wakafuata wakigonga kabari.

Mara sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, ya kulialia. Nikatazama miguuni pa kaka yangu, maranda yamekuwa unga. Moshi ukachungulia kwenye mkato.

Nikaruka kamba. Kuhani akaninyooshea mkono, wanaume wakaanza kunong'ona juu ya Bibi na wivu wake. Iwao alikuwa ameshauchomoa msumeno, mnyororo unaning'inia chini ya ulimi, ananitazama ninavyokuja.

"Mwacheni apite," akawaambia. "Bibi wa Mlima huwa anaona wivu kwa warembo. Huyu dada yangu hatamsumbua."

Wakacheka, mijitu ile, na mimi nikamwambia kwamba sura yangu na yake zilitoka chungu kimoja. Lakini aliponipa msumeno, macho yake yalikuwa juu. Nyuma yake mti ulikuwa umekatwa zaidi ya nusu. Ulikuwa umesimama kwa bawaba ya mbao hai tu, na juu kabisa, mahali tusipopaona kwa ukungu, upepo ulianza kuamka.

Nikafungua kifuniko. Tundu la mafuta limezibwa na ute wa kahawia, mgumu kama masizi ya kikaango. Nikachomoa kibanio cha nywele, nikakwangua. Nikaosha njia yote kwa petroli mpaka ikatoka safi, nikaikausha kwa shati la kijana mmoja bila kumwomba ruhusa, lisibaki tone la kuugusa mti. Meno hayakuwa yamegeuka bluu kwa kuungua, nikashukuru, nikaanza kuyapitia kwa tupa, jino baada ya jino. Mti ukalia ndani. Si kwa nguvu, ulilia kama mlango wa nyumba unaofunguliwa taratibu na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Iwao akataka kuukaza mnyororo. Nikampiga kofi mkononi.

"Bado wa moto. Ukikaza sasa, ukipoa utajibana, ukatike ndani ya mti."

"Mdogo wangu Chizu, upepo unakuja."

"Uje. Ngoja upoe."

Akangoja. Mtu aliyenizidi umri, kiongozi wa wakata miti, akachuchumaa kando yangu akangoja kipande cha chuma kipoe. Bawaba ikikatika sisi wawili ndio wa kwanza. Niliogopa, sitaficha. Lakini nilipoinua macho kwenye shina lile, woga ukageuka kitu kingine nisichokuwa na jina lake. Mti mkubwa namna ile, umekatwa nusu, na bado umesimama. Nilihisi kwamba unatungoja. Nikauambia kimoyomoyo, shikamoo, tuvumilie kidogo.

Mafuta sasa, maana ya mbegu hakuna aliyeyaamini tena. Kuhani mwenyewe akasema tutie oili yoyote iliyopo, Bibi ataelewa. Iwao akakataa, ameapa. Nikamtukana, akakataa tena. Nilikuwa nimeshainua debe la oili nimtilie kwa nguvu, ndipo mama yake kuhani, Bi Fusae, akaniita kutoka nje ya kamba.

"Ya kamelia hayagandi," akasema. "Marehemu mume wangu alizipaka randa zake hayo hayo."

Mafuta ya kamelia ni ya nywele. Hakuna nyumba ya kwetu isiyo na chupa yake mbele ya kioo. Wanawake wakatawanyika mbio, na kimono zao za sherehe wamezipandisha magotini, wakarudi na chupa. Nyingine mpya, nyingine zimebaki tone, moja ya marehemu mama mkwe wa mtu. Wakawa wanapokezana kwa mkono juu ya kamba, na mimi namimina.

Mnyororo ukapoa. Nikaukaza. Nikavua kitambaa cheupe kichwani, nikakitandaza ardhini, Iwao akaelekeza ncha, akavuta moto. Hakuna kitu. Akavuta tena. Mstari ukatokea kwenye kitambaa, mwembamba, unang'aa, na sote tukautazama. Nimeuona mstari huo maisha yangu yote, na siku ile ulinitoa machozi.

"Toka sasa, mdogo wangu," akasema.

Nikatoka. Msumeno ukaingia, ukaimba sauti yake ya kawaida, maranda yakaruka. Waya zikakazwa. Iwao akarudi nyuma kwa njia yake, taratibu, kama inavyotakiwa, asiupe mti mgongo. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha mbingu yenyewe ikaanza kusogea. Mwerezi uliinama kuelekea shamba bila haraka, upepo wake ukatupiga nyuso, na ardhi ikaruka ikanirusha chini.

Nikainuka. Juu ya hekalu palikuwa na tundu la mbingu, na ukungu ulikuwa unapasuka humo. Jua likaingia uani, kwenye ukoka wa kijani ambao haukuwahi kuliona, wala wakati wa babu, wala wa babu zake. Wazee wakapiga magoti. Mimi nilikuwa namtafuta kaka yangu tu. Alikuwa amesimama katikati ya mwanga ule, mzima, na chini ya miguu yake, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kuwa na kivuli, palikuwa na kivuli chake.