Zamu ya Ijumaa

Kumbe mzuri hivi! Moyo ulimlipuka Tatu alipomwona mlalamikaji akiingia ofisini, mkono mmoja umefungwa bandeji. Tatu alikuwa mjumbe wa kamati ya wananchi inayopitia malalamiko dhidi ya askari polisi, na mwanamke yule, Telma, alikuwa mke mwenziwe. Hawakuwahi kukutana. Shafii, mume wao, alimweka mmoja mtaa wa Mtawanya, mwingine mtaa wa Ufukoni, na Tatu alimjua mwenziwe kwa picha tu, ile aliyoichungulia kwenye simu mume akiwa anaoga.

Mwenyekiti, Bi Latifa, alikuwa ameuliza kama kuna mjumbe mwenye uhusiano na mlalamikaji. Tatu akajifanya anatengeneza mtandio. Alitaka amkague kwa macho yake, ampate na kasoro hata moja ya kumliwaza. Wapi! Hata sauti, yenye lafudhi ya ng'ambo ya Ruvuma, ilikuwa tamu.

Telma alieleza kwamba Ijumaa usiku, akifunga genge lake la samaki wa kukaanga, askari alimwita mhamiaji haramu, akampiga rungu la mkono hadi akachuruzika damu.

"Ijumaa sikumgusa," akasema Koplo Isaya, askari aliyelalamikiwa. "Kaumia siku nyingine huko, sasa anatafuta wa kumbambikia. Nani alimwona akitoka damu usiku huo?"

"Mume wangu. Alinikuta palepale, akanibeba hadi nyumbani, akakaa nami mpaka alfajiri."

"Yuko wapi?" akauliza Bi Latifa.

"Amekataa kuja, mama. Anasema ana sababu zake."

Ijumaa! Ijumaa ilikuwa zamu ya Tatu. Shafii alimpigia simu kwamba amekwama Mnazi Bay akisubiri samaki wa kununua. Tatu alikuwa amepika wali wa nazi na kujifukiza udi. Akalala peke yake. Asubuhi mume akarudi na shati lililoloa damu, eti ya jodari. Tatu akalifua, akishangaa damu ya samaki isiyonuka shombo.

Wivu ukampanda. Basi na anyamaze! Malalamiko yakitupwa, huenda Telma akafungasha akarudi kwao, na zamu zote zikawa za Tatu. Wala hakuhitaji kusema uongo. Kukaa tu kulitosha.

"Mume gani?" Koplo Isaya akacheka. "Wanawake hawa hawana waume. Wana wateja."

Telma akainamisha uso. Kama kulikuwa na mtu aliyejua, tena kwa uchungu, kwamba Telma ana mume, basi ni Tatu. Akainuka, akaacha kiti cha wajumbe, akaenda kuketi kwenye benchi la mashahidi.

"Mwenyekiti, nitoe kwenye kamati, niandike shahidi. Mume anaye. Ni wangu pia. Damu ya usiku ule nimeifua mimi."



"Bi Tatu," Bi Latifa akasema taratibu, "haya yatazagaa mjini."

"Yazagae."

Telma akanyoosha mkono wake mzima amshike.

"Usinishike!" Tatu akasema, machozi yakimlengalenga. "Usiku ule ulikuwa wangu. Sijakusamehe."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamgeukia mwenyekiti, akaanza kueleza, mbele ya watu wote, jinsi alivyomngoja mumewe Ijumaa ile.