Jalada la Bi Penseli

Kwa miaka kumi na saba Bi Penseli alichora vitabu vya shule: chura aliyepasuliwa tumbo, haragwe linaloota, watoto wanaoruka kamba. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa kampuni ya uchapishaji, kwa sababu penseli haikukosa kwenye nywele zake hata siku za harusi. Kisha kampuni ikafungwa. Waliitwa ukumbini asubuhi, wakapewa barua na soda, na kufikia saa sita kila mtu alikuwa barabarani na boksi lake.

Miezi minane baadaye alikuwa akiishi kwa mdogo wake, katika chumba kilichokuwa stoo. Uchovu wa kazi aliujua. Huu wa kusubiri simu ulikuwa mgeni kwake, na kulala hakukuusaidia kitu.

Ofisi tatu zilipomwita kwenye usaili ndani ya mwezi mmoja, alianza kuandaa jalada la kazi zake. Wiki nzima michoro ilitandazwa sakafuni, kuanzia stoo hadi sebuleni. Shemeji yake, fundi friji, akawa anapita kwa kunyata, mguu huku mguu kule.

"Shemeji, mimi nikiwasha friji moja ikapoa, mteja karidhika. Wewe unataka waone mia?"

"Wanataka kuona upana wa kazi."

"Kwa upana huu tutahamia uani."

Mdogo wake alichuchumaa, akaanza kuchambua kama anachagua mchele. "Chura atoke."

"Huyo nilimchora siku nne!"

"Basi apumzike, dada. Nani atakuajiri akikutana na utumbo ukurasa wa kwanza?"

Ikabaki ishirini. Bi Penseli aliibandika kwenye kadi nyeusi, akaifuta kila alama ya kidole, akaitia kwenye mifuko ya plastiki. Ilimeta. Alipomaliza mgongo ulikuwa umekakamaa, na kwa mara ya kwanza aliiona miaka yake yote ikiingia chini ya kwapa moja.

Usaili wa kwanza ulikuwa ofisi ya matangazo. Meneja alifungua jalada kwa mkono mmoja, simu iko mkono wa pili. Dakika mbili, kwisha.

"Safi sana. Unatumia programu gani?"

"Natumia mkono."

Meneja alicheka kwa adabu. "Tutakupigia."

Wa pili ulikuwa kwa wachapishaji wa hadithi za watoto. Mhariri, mwanamke wa makamo, alitazama kila mchoro bila haraka, na hapo ndipo palipouma, kwa kuwa hakuweza kusingizia kwamba hakutazamwa.

"Kila kitu kipo mahali pake," mhariri alisema. "Ila wewe mwenyewe sikuoni humu."

Bi Penseli alichukua jalada lake, akaaga. Jibu lilimjia akiwa kwenye ngazi, akishuka: miaka kumi na saba alilipwa ili asionekane. Alisimama kidogo, akiwaza kurudi kulisema, kisha akaendelea kushuka.

Wa tatu hakutaka kwenda kabisa. Mdogo wake alikuwa ameshapiga pasi blauzi.

"Nenda tu, dada. Ukikosa, utakosa umependeza."

Ulikuwa hospitalini, katika kitengo kinachotengeneza mabango ya afya. Chumba kilikuwa na sinki, maboksi ya glavu, na kiti kimoja cha mgeni. Walikuwepo daktari kijana na muuguzi mkuu, mama mnene aliyefungua jalada, akapekua hadi mwisho, akalifunga.

"Unakosea lini?" muuguzi aliuliza.

"Samahani?"

"Hizi zote safi. Mimi namtaka mtu anayekosea akarekebisha. Aliyekutangulia alichora chupa ya dawa karibu na mdomo. Watu wakawa wanakunywa dawa ya kupaka."

Daktari alisogeza karatasi tupu. "Tuchoree mama anamtia mwanawe dawa ya macho. Bila neno hata moja, maana kuna wasiojua kusoma."

Bi Penseli alichora. Mkono ulikuwa mzito, lakini ulikwenda. Mama aliyeinama, mtoto aliyelala chali, chupa.

Muuguzi alichungulia. "Huyu mtoto mbona katulia hivi? Kafa?"

Daktari alijikohoza kuficha kicheko. Bi Penseli alifuta, akachora mtoto anayerusha mateke.

"Chupa imegusa jicho. Ikigusa, inachafuka."

Akafuta.

"Na kope zinafunguliwa na nani? Ana mikono mitatu?"

Akafuta tena, safari hii akamkalisha mama sakafuni, kichwa cha mtoto kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake, mikono yote miwili ikibaki huru. Karatasi ilikuwa imechakaa, kona moja imetoboka. Aliiona aibu ikimpanda, kisha akagundua kwamba hana nguvu hata za kuaibika.

Muuguzi aliinuka. Alifungua mlango, akamwita mfagizi aliyekuwa koridoni.

"Mama, hebu njoo. Hawa wanafanya nini?"

Mfagizi aliegemeza ufagio ukutani, akaishika karatasi mbali kidogo na uso. "Anamtia mtoto dawa ya macho. Kambana kwa magoti. Wangu nilimbana hivihivi, na bado aliniuma."

"Na chupa je?"

"Ipo juu juu, haigusi."

"Ahsante, mama."

Muuguzi aliilaza karatasi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. "Mkataba ni wa miezi sita. Jina lako halitaandikwa popote. Na mimi nitakusumbua."

"Nisumbue tu," alisema Bi Penseli.

Nje alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akampigia mdogo wake. Kelele za furaha zilimfanya asogeze simu mbali na sikio.

"Dada? Mbona umenyamaza? Hufurahi?"

"Nafurahi. Nimechoka tu."

"Basi njoo ulale."

Alifika nyumbani saa tisa mchana, akavua viatu, akajitupa kitandani na blauzi yake ya pasi. Mdogo wake aliurudisha mlango taratibu, kisha akatoka uani kumwambia mumewe aache kugonga vyuma.