Friji Iliyolazwa Chali

Kwa miaka sita friji ya Lopeti na mkewe Hainite, pale 'Ohonua katika kisiwa cha 'Eua, nchini Tonga, ilikuwa imelazwa chali barazani. Ilizimika siku ya kimbunga, na tangu hapo Lopeti na rafiki zake wawili waliikalia kila jioni wakinywa kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili.

Kisha ikaja habari kwamba mchungaji wa wilaya atafikia kwao wiki nzima.

"Baba Sela," Hainite akamwambia mumewe, "mgeni hawezi kunywa maji vuguvugu kama sisi. Hiyo friji itengenezwe."

Lopeti akawaita wenzake. Wakaizunguka siku mbili. Semisi, ambaye aliwahi kupakia mafriji bandarini Auckland, aliigonga ubavuni, akatega sikio.

"Gesi imekwisha, shemeji," akamwambia Hainite.

"Na mota imeungua," akaongeza Vaha, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa wa nguruwe.

"Mmeichomeka kwenye umeme mkaona?" akauliza Hainite.

"Mambo haya hayataki papara," Lopeti akasema. "Kesho tutakaa tena."

Kesho yake walikwenda shambani kuchimba viazi vikuu. Hainite na dada yake Fusi wakaisimamisha friji, wakatoa kiota cha panya nyuma ya mota, wakaisugua kwa siki na magadi mpaka uvundo ukaisha. Wakaiacha wima mpaka siku ya pili, mafuta ya mota yashuke, ndipo wakaichomeka. Ikatetemeka, ikakohoa, ikaanza kunguruma. Jioni maji waliyoweka ndani kwa bakuli yaliganda.

Lopeti aliingiza mkono ndani, akautoa, akautazama.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Semisi aligonga palepale panapotakiwa."

Mchungaji alikuja, akanywa maji baridi, akasifu. Jumapili Lopeti akasimama kanisani, akamshukuru Mungu kwa maarifa aliyowajalia wanaume watatu wa 'Ohonua. Fusi akataka kuinuka. Hainite akamkanyaga mguu.

"Mwache," akanong'ona. "Mchungaji anasikiliza."

Kweli mchungaji aliguswa. Nyumbani kwake Nuku'alofa, mji mkuu ulio ng'ambo ya bahari, alikuwa na friji mbovu iliyolala miaka mitatu. Jumatatu asubuhi wanaume wote watatu walipanda feri pamoja naye, wamebeba spana za kuazima.

Walikaa huko siku tano. Lopeti alirudi uso umempauka kwa kutapika baharini. Akaeleza kwamba friji ya mchungaji ni ya aina ngumu, kwamba waliifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, na kwamba mchungaji sasa ameamua kununua mpya.

"Pole, mume wangu," akasema Hainite.

Siku zote hizo tano baraza lilikuwa kimya, na yeye na Fusi walikaa hapo wakila mananasi ya baridi na kupiga soga mpaka jua kuzama. Akampakulia mumewe chakula, akamsogezea. Kisha akamuuliza kama huko Nuku'alofa hakusikia mtu mwingine mwenye friji mbovu.